Ugonjwa wa Samaki wa Maji ya Chumvi, na Jinsi Ulivyopatiwa Dawa

Wasomaji wetu wamzoea samaki wa kitoweo. Walakini katika nchi nyingi wako watu wafugao samaki wa baharini kwa kuwatazama tu, wakiwaweka katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi. Hata katika pwani ya Kenya wako wavuvi wanaowavua samaki wa rangi wakiwa hai, nao hupelekwa ng'ambo kuuzwa. Twataka kueleza habari za ugonjwa ulioua wengi wa samaki hao, na jinsi wenye elimu walivyoutafuta hata wakaujua, maana habari hizo zina mafundisho hata kwa mtu asiyefuga samaki.

Katika mwaka 1853 nyumba ya samaki ya kwanza iliyo wazi kwa watu wote ilifunguliwa London, katika bustani ya wanyama. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafundisha watu kuweka viumbe vya bahari nyumbani, na wengi wakaanza kufanya hivyo. Miji mingine mikubwa nayo ikajenga nyumba za samaki. Ile ya New York ilifunguliwa mwaka 1896. Lakini furaha hiyo ilichanganyika na hasara. Samaki walikuwa wazima leo, na baada ya siku chache walihema kwa shida juu ya maji, wakajisugua katika mawe, wakafa tangi zima.

Mwaka 1931 mtaalamu aitwaye E. M. Brown alieleza habari za kijidudu kilichoonekana katika ngozi na mashavu ya samaki wa baharini waliowekwa London. Sasa kijidudu hicho chaitwa Amyloodinium ocellatum. Mwaka 1936 Ross Nigrelli, aliyefanya kazi katika nyumba ya samaki ya New York, naye akaandika habari za maisha yake. Ndipo watu walipofahamu jambo lililokuwa limefichika.

Jambo lenyewe ni hili. Kijidudu hushika mwili wa samaki kwa vijimizizi vidogo, kikamla kwa muda wa siku chache. Kikishiba humwacha, huanguka chini ya tangi, hujifunika ganda gumu, na humo ndani hujigawa mara kwa mara. Kimoja chaweza kuwa 256. Kisha ganda hupasuka, watoto huogelea kumtafuta samaki mwingine, na wasipompata hufa. Wafugaji wa ng'ombe watafahamu upesi, kwa kuwa kupe naye hunywa damu, huanguka majanini, na watoto wake humngoja ng'ombe mwingine apite. Katika bahari iliyo pana wengi wa watoto hao hupotea bure. Bali katika tangi samaki hana mahali pa kukimbilia.

Basi dawa ilitafutwa. Mwaka 1955 Robert Dempster, wa nyumba ya samaki ya Steinhart katika mji wa San Francisco, aliandika juu ya kuutibu ugonjwa huu kwa mrututu, ule ule wa rangi ya samawati ambao wazee wetu waliujua kwa kutibu vidonda. Shaba iliyo ndani ya mrututu huwaua wale watoto waogeleao. Lakini haimwui aliye juu ya samaki, wala haipenyi vizuri katika ganda. Kwa hiyo mtu akitia dawa siku moja, akaona samaki wamepata nafuu, akaacha, ugonjwa hurudi kwa nguvu. Dawa yapasa kukaa katika maji majuma kadha, hata mayai yote yawe yamekwisha kupasuka.

Tena kipimo chake ni chembamba sana. Shaba itakiwayo ni kama miligramu 0.15 hadi 0.20 katika kila lita, yaani pipa la lita 200 huhitaji miligramu 30 hadi 40 tu. Ikipungua haiponyi, ikizidi yaua samaki. Mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya, hivyo yapasa kupimwa kila siku. Tena matumbawe, kamba na konokono hawaivumilii kamwe. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutibiwa katika tangi la peke yake.

Uko ugonjwa wa pili, wa madoa meupe kama chembe za chumvi. Katika maji matamu ugonjwa wa namna hiyo ulielezwa na Fouquet wa Ufaransa mwaka 1876. Ule wa baharini ulielezwa na Sikama wa Ujapani mwaka 1937, na mwaka 1951 Brown, yule yule tuliyemtaja, alikipa kijidudu chake jina la Cryptocaryon irritans. Hiki hujificha chini ya ngozi, mahali dawa isipofika. Hata hivyo kina udhaifu wake: hakivumilii maji yenye chumvi kidogo. Mwaka 1985 Angelo Colorni, katika Eilat, nchi ya Israeli, alionyesha kwamba kuipunguza chumvi kwaweza kukizuia. Wengine humhamisha samaki kila siku tatu katika tangi safi lililokauka, wakiyaacha nyuma maganda yote. Lakini yule wa kwanza huvumilia maji ya chumvi kidogo, hata mtu akimtibu samaki pasipo kuujua ugonjwa, hupoteza siku, na siku hizo ndizo uhai wa samaki.

Kwa ajili ya hayo wafugaji wenye busara humtenga samaki mgeni majuma kadha kabla ya kumwingiza kwa wenzake. Na tangi lililopata ugonjwa huachwa bila samaki yeyote, hata vijidudu vife kwa njaa. Wazee wetu walisema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Nasi twaona kwamba neno hilo ni kweli hata kwa samaki aliye hai. Mwenye kutaka kuponya, na aanze kwa kujua adui yake akaa wapi, na ni saa gani atokapo nje.