Historia ya programu zisizoonekana ndani ya kompyuta yako

Washa kompyuta ya Windows, usifungue chochote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itakuonyesha orodha ndefu ya michakato ambayo hukuianzisha. Wengi huingiwa na hofu wakidhani mashine imevamiwa, kumbe sehemu kubwa ya orodha hiyo ni kazi za utunzaji zenye umri wa zaidi ya miaka sitini.

Zilianzia MIT, Marekani, ambako mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mafaili yao yalihitaji kulindwa. Corbató alikuja kueleza kwamba programu ya kwanza ya kujiendesha waliyoitengeneza ilikuwa ya kunakili mafaili kwenye tepu, bila kungoja amri ya mtu.

Kompyuta binafsi haikuurithi utaratibu huo. MS-DOS ya mwaka 1981 iliendesha programu moja tu. Ukitaka nyingine, ufunge ya kwanza. Watengenezaji wakatafuta upenyo. Sidekick ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1984, ilijificha kwenye kumbukumbu hadi ubonyeze vitufe vyake, ndipo ikaleta kikokotoo na daftari juu ya kazi uliyokuwa ukiifanya. Watu waliipenda sana. Lakini DOS haikuwa na mwamuzi: programu mbili za namna hiyo zikigombea vitufe au kumbukumbu, mashine iliganda, na kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea.

Mwamuzi alikuja na Windows NT mwaka 1993, chini ya Dave Cutler. Kila mchakato ulipewa eneo lake la kumbukumbu, na huduma kama ya uchapishaji ziliweza kuanza kabla mtu hajaingiza nenosiri. Miaka mitatu baadaye, NT 4.0 ikaja na Task Manager, iliyoandikwa na Dave Plummer. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu mwenye mashine aliweza kuona kinachoendelea ndani yake.

Windows 2000 ilififisha uwazi huo. Ili kuokoa kumbukumbu, huduma nyingi zilikusanywa ndani ya michakato yenye jina moja, svchost.exe, na waandishi wa programu haribifu wakaanza kujificha nyuma ya jina hilo. Agosti 2003, programu haribifu iitwayo Blaster ilipenya kupitia kasoro katika huduma moja ya Windows, na kompyuta za watu ambao hawakufungua faili lolote zikawa zinajizima na kujiwasha.

Mwaka 2017, Windows 10 ilianza kuzitenganisha huduma nyingi kwenye mashine zenye kumbukumbu zaidi ya GB 3.5. Orodha ikarefuka, lakini sasa unaweza kuona ni huduma ipi inayolemea kompyuta. Ukiitilia shaka svchost yoyote, angalia faili lake liko wapi: la kweli hukaa ndani ya folda ya Windows, kwa kawaida katika System32.