Kutoka Pima Hadi Inchi: Habari ya Miti na Mbao Kwetu Pwani

Sisi akina mama wa akiba tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe ni kipimo, na asiyejua kipimo hawezi kujua kama kimejaa. Katika miaka hii 10 wanachama wengi wamechukua mkopo wa kujenga, na pesa nyingi zimeishia kwenye mbao. Kwa hivyo tumeona tuandike hapa jinsi miti na mbao zilivyopimwa, tangu wazee wetu mpaka leo.

Zamani kipimo kilikuwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa wazi. Shibiri 2 ni mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mikono 4 ni pima moja, mtu akinyoosha mikono yote miwili, kama futi 6 hivi. Taabu yake ni kuwa mikono ya watu haiko sawa.

Miti ya mikoko ilikuwa na hesabu yake. Wakataji wa Lamu waliigawa kwa unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, halafu nguzo. Iliuzwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi Arabuni na Ghuba kwa kusi yamejaa boriti, maana huko miti ya kujengea ni adimu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza miti hiyo nchi za nje.

Boriti hizo ndizo zilizoamua chumba. Kwa kuwa hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu. Mwenye kujenga aliongeza urefu, si upana.

Waingereza walileta futi na inchi. Baada ya uhuru serikali ilihamia mita, lakini duka la mbao halikuhama. Mpaka leo tunaomba 2 kwa 4 ya futi 12. Basi hapo ndipo pesa inapopotelea.

Hebu tuhesabu. Chukua unene na upana kwa inchi, zidisha, kisha zidisha na urefu kwa futi, ugawanye kwa 144. Utapata futi za ujazo. 2 kwa 6 ya futi 12 ni futi 1 kamili. 2 kwa 4 ya urefu huo huo ni theluthi 2 tu. Kama mti ni wa aina moja na bei ni moja, uliza kwa nini.

Tena pima unene. Msumeno hula, randa hula, na mbao mbichi husinyaa ikikauka. Ile 2 kwa 4 ikiwa kweli ni inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu, umepata inchi za mraba 5 na robo badala ya 8. Zaidi ya theluthi haipo, na pesa umelipa zote.

Mwenzetu mmoja, mjane, aliletewa mbao 40 za paa. Tulikwenda watatu na tepu. Mbao 11 zilikuwa za futi 10 badala ya 12. Ni futi 22 zilizopungua, karibu mbao 2 nzima. Mwuzaji alipoonyeshwa tepu hakuwa na la kusema, akazibadilisha zote.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni huu: mkopo wa ujenzi hautoki mpaka fundi aandike mbao ngapi, za kipimo gani na urefu gani. Na lori haliondoki mpaka zipimwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: daftari liende na tepu.