Kunakili, Kunukuu na Mwakenya

Maseno, magharibi mwa Kenya, ni mji wa kusoma. Shule ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS mwaka wa 1906, na chuo kikuu kikapata hadhi kamili mwaka wa 2001. Mahali kama hapa neno "wizi wa kitaaluma" huja mdomoni upesi, nami naona linatumiwa vibaya.

Mwizi hujua kwamba anachochukua kina mwenyewe. Mfikirie basi aliyefanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu tangu 1985 hadi 2023. Insha yake ilikuwa ya alama 40. Mwalimu aliandika ubaoni mwanzo uliopambwa, jua likichomoza na ndege wakiimba, darasa zima likaukariri, na aliyeurudisha bila kosa akapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza maneno yale ni ya nani. Akifika chuoni, kitendo kilekile ni wizi. Nani alimwambia?

Wanafunzi wenyewe wanajua kutofautisha. Kikaratasi kinachoingizwa mtihanini kwa siri hukiita mwakenya, jina la kundi la chinichini la miaka ya 1980 lililosambaza maandishi dhidi ya serikali ya Rais Moi. Mwaka wa 1986 wahadhiri na wanafunzi walitiwa ndani kwa kuhusishwa nalo. Anayebeba mwakenya anajua anachoficha. Anajua pia yule anayemlipa mtu amwandikie tasnifu. Hao waitwe wezi.

Waliobaki wanahitaji neno jingine, na tunalo. Kunakili na kunukuu ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuhamisha kitu. Matumizi ndiyo yaliyowatenganisha: anayenukuu huyahamisha maneno pamoja na jina la mwenyewe, akayafunga kwa alama ambazo darasani tunaziita alama za mtajo. Mtajo! Suala lote limo humo. Watunzi wa pwani walijitaja katika kaditama, ubeti wa kufunga shairi, na huku kwetu karibu na Ziwa Viktoria Mjaluo mpiga nyatiti, ala ya nyuzi, hujitaja kwa majina ya sifa, pakruok, kila mtu ajue wimbo ni wa nani. Kutaja si desturi ngeni kwetu. Ni shule iliyoacha kuifundisha.

Ifundishwe basi tangu mwanzo wa sekondari: soma aya, ieleze kwa maneno yako, andika umeitoa wapi. Chuoni, programu za kukagua kazi hupima mfanano tu. Hata nukuu iliyotajwa vizuri inaweza kuhesabiwa. Kabla ya kuadhibiwa kwa asilimia, mwanafunzi aitwe, asikilizwe, aonyeshe rasimu zake. Kosa lake likiwa ni kutotaja, liandikwe hivyo hivyo kwenye faili, "kutotaja", na kazi irudishwe airekebishe.

Na sharti hilo la kutaja limbane pia mhadhiri anayegawa noti zilizotolewa katika vitabu vya wenzake bila kutaja hata kimoja.