Kuku wa Bibi na Mali ya Uani Katika Kariakoo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi na sherehe. Mambo madogo ya nyumbani, yaliyotendwa kila siku kwa mikono ya kina mama, huachwa nje ya hesabu. Katika makala haya tumekusudia kumtazama kiumbe mmoja mnyenyekevu, yaani kuku wa bibi, aliyefugwa uani katika nyumba za Kariakoo, Dar es Salaam. Kuku huyo alikuwa mali ya mwanamke, na historia ya mji huu haikamiliki asipotajwa.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Majeshi yao yalipouteka mji mwezi Septemba 1916, wapagazi hao waliwekwa kambini mahali hapo. Jengo ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914 liligeuzwa soko. Kisha serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni ufukoni, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Hapo ndipo Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo walipojenga nyumba zao.

Nyumba hiyo ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele na ua nyuma. Barazani wanaume walizungumza biashara na siasa. Uani, penye jiko na mitungi ya maji, mwanamke ndiye aliyekuwa mtawala. Mkoloni alidhani ameuweka mji huku na shamba kule. Kumbe mama aliyetoka Kisarawe au Rufiji alikuwa amelibeba shamba lake mpaka mjini, akalitua uani.

Sisi tuliolelewa na bibi zetu katika nyumba hizo twawakumbuka kuku wale kwa sura zao. Alikuwako kuchi, mrefu wa miguu na mgomvi. Alikuwako kishingo, asiye na manyoya shingoni. Alikuwako kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda kana kwamba amepigwa na upepo. Chakula chao kilikuwa chenga za mchele, machicha ya nazi na wadudu waliochakura wenyewe. Jioni waliingia bandani, au walifunikwa tenga. Ili wasichanganyike na wa jirani, kila kuku alifungwa uzi au kitambaa cha rangi mguuni.

Yai lilikuwa na taratibu zake. Asubuhi mtetea alipolia, mtoto alitumwa kwenda kuokota, lakini alionywa aache moja kiotani, kuku asije akahama. Mayai yaliyookotwa yaliwekwa katika pakacha lenye pumba. Yaliyokusudiwa kuatamiwa yaliteuliwa kwa uangalifu, kumi au kumi na mawili, na siku zikahesabiwa mpaka kutimia 21. Yai lililotiliwa shaka lilitiwa majini: zima huzama na kulala, viza huelea. Kwa hiyo kabla hatujafika darasani tulikwisha kufundishwa kuhesabu, kupima na kungoja. Hata kitendawili cha nyumba isiyo na mlango tulikitegua huku jibu lake tumelishika mkononi.

Lakini mayai yale tuliyala kwa nadra. Mtoto alipata yai alipougua, au mgeni alipokuja. Tuliambiwa kwamba mtoto mla mayai huwa mwizi, na kwamba mjamzito akila mayai atazaa mtoto mwenye upara. Leo twajua kwamba yai ni chakula chenye manufaa makubwa kwa hao hao walionyimwa, na mwiko huo hatuna sababu ya kuuhifadhi. Hata hivyo tusiuone kuwa ni upuuzi mtupu. Yai lililoliwa lilikuwa akiba iliyotoweka. Lililoachwa liliweza kuwa kifaranga, kisha tembe, kisha fedha.

Hiyo ndiyo siri ya kuku wa bibi. Ng'ombe na minazi aghalabu vilihesabiwa kuwa mali ya wanaume na ya ukoo, lakini kuku alikuwa wa mama mwenyewe. Aliweza kumwuza bila kuomba ruhusa, akanunua kanga, daftari la mjukuu au sanda ya maziko. Asiye na kuku alikabidhiwa mtetea amlee, na vifaranga vikagawanywa. Kuku wa mpangaji akitaga chumbani kwa jirani, yai lilirudishwa kwa mwenyewe, na kulificha ilikuwa aibu ya ua mzima. Hapo palikuwa na benki, na palikuwa na sheria, ingawa hapakuandikwa neno.

Tukilijua hilo, hatutastaajabu kwamba Bibi Titi Mohamed, alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, alipata mwitikio mkubwa. Aliwaendea wenye vikundi vya ngoma na wenye biashara ndogo ndogo, watu waliozoea kushika senti zao wenyewe. Mwanamke mwenye chake hungoja kidogo kuambiwa na mwingine atoe mchango au asitoe.

Mali hiyo ilikuwa na adui wake. Mwewe alichukua kifaranga kimoja kimoja, lakini mdondo ulifagia banda zima kwa siku chache. Bibi zetu walipambana nao kwa maji ya mwarobaini na pilipili, na mara nyingi walishindwa. Siku hizi iko chanjo inayostahimili joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Ingalikuwako zamani, machozi mengi yangaliepukwa.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli. Katika shida za miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi, hata watumishi wa serikali waligeukia ufugaji wa kuku nyumbani, wakafanya yale ambayo bibi waliyafanya tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zikabomolewa moja baada ya nyingine, na maghorofa yakapanda mpaka mipakani mwa viwanja. Ua ukatoweka, na kuku pamoja nao. Sasa kuku wa kienyeji huletwa kwa magari kutoka Singida na Dodoma, na mayai yake huuzwa ghali kuliko ya kisasa.

Hatusemi kwamba ghorofa libomolewe ili mtetea apate pa kutagia. Tusemalo ni kwamba ua ulipoondoka, mwanamke wa mji alipoteza zaidi ya kuku. Alipoteza mahali pa kuanzia mali yake kwa mtaji mdogo kabisa, bila dhamana wala kibali. Wanaopanga miji yetu hawana budi kujiuliza mahali hapo pamehamishiwa wapi.