Kufua, Kushusha, Kuzuia

Anayechimba msingi wa kina katika mchanga wa pwani, iwe Dar es Salaam au Malindi, hukutana na maji kabla hajafika anakokwenda. Hapo utasikia "tutoe maji" au "tukaushe shimo". Kauli zote mbili zinaeleweka, lakini zote mbili zinafunika jambo zito. Maji ya ardhini hudhibitiwa kwa njia tatu zisizofanana, na kila moja ina namna yake ya kushindwa. Fundi asiye na jina la kila njia atawezaje kumwambia mwenzake ni ipi imeshindwa? Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha, na mengi yamo kinywani tayari.

La kwanza ni kufua. Mabaharia wa majahazi hufua maji: yanakusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo, na mtu huyachota kwa upo na kuyarudisha baharini. Njia kongwe ya kudhibiti maji shimoni inafanya kazi hiyo hiyo. Maji huachwa yaingie, huelekezwa kwa vijifereji hadi kwenye kishimo cha pembeni, na pampu huyatoa humo. Kishimo hicho ningekiita ngama bila kusita. Kufua lina kazi nyingi, za nguo, chuma na nazi, ila waliotupa "mitambo ya kufua umeme" hawakuuogopa wingi huo na leo kila msomaji wa gazeti anawaelewa.

Tena, kufua linabeba ndani yake udhaifu wa njia yenyewe: hufui ila maji yaliyokwisha ingia. Kwenye mwamba au kokoto hilo halina neno. Kwenye mchanga laini ni hatari, kwa sababu maji hayaji peke yake. Yanapopanda kutoka chini ya sakafu ya shimo, kanieneo lake huanza kubeba uzito wa chembe za mchanga, na chembe zikiacha kulaliana sakafu haihimili tena hata mguu wa mtu. (Kanieneo ni istilahi ninayoipenda mno, maana inajifafanua yenyewe: kani juu ya eneo.) Mhandisi Karl Terzaghi ndiye aliyeliweka wazi jambo hili miaka ya 1920: nguvu ya udongo ni ile ambayo chembe zinashikiliana kwayo baada ya kuondoa sehemu iliyobebwa na maji. Wahandisi wanasema mchanga "unachemka", na kwetu neno hilo linaingia bila kubisha hodi, kwani tuna chemchemi. Sakafu ikiwa ya udongo wa mfinyanzi, na maji yenye kanieneo yakiwa yamefungiwa chini yake, haichemki bali inafura. Mchemko na mfuro ni ajali mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Ndipo linapokuja kushusha, neno ninalolitetea kuliko yote. Anayeshusha maji huanza kabla ya koleo. Hutoboa visima kuzunguka eneo, huvuta maji kutoka humo hadi usawa wake uwe chini ya sakafu atakayoifikia, ndipo achimbe pakavu. Mhandisi Robert Stephenson alilazimika kufanya hivyo miaka ya 1830 alipokuta mchanga uliojaa maji katika handaki la reli la Kilsby, Uingereza. Visima vilichimbwa kando ya njia ya handaki, na injini za mvuke zikavuta maji usiku na mchana kwa miezi mingi. Handaki lilifunguliwa mwaka 1838. Ilichukua hadi 1856 kwa Henry Darcy, mhandisi wa maji wa Dijon huko Ufaransa, kuchapisha kanuni ya jinsi maji yanavyopita mchangani, ambayo hesabu zote za kushusha zinaitegemea hadi leo.

Kushusha nako kuna vyombo viwili ambavyo havipaswi kuitwa jina moja. Kimoja ni vijibomba vyembamba vinavyozamishwa ardhini kila baada ya mita moja au mbili, vikaunganishwa juu kwa bomba kuu na pampu moja inayofyonza. Hivi ni mirija. Sitafuti pambo hapa, natafuta usahihi: mrija hunyonya, na kunyonya kuna mwisho. Kinachosukuma maji juu katika mrija ni hewa ya nje, na hewa hiyo haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi hata kwa hesabu ya karatasi. Kazini, ukipata mita 5 au 6 shukuru. Atakaye kwenda chini zaidi apange mirija kwa ngazi, au atumie chombo cha pili, kisima kirefu chenye pampu iliyozamishwa ndani ya maji yenyewe. Pampu hiyo hainyonyi, inasukuma, kwa hiyo kikomo cha mrija hakiihusu. Mafundi wamekwisha tusaidia hapa kwa kuiachia mashine jina la pampu na chuma kirefu jina la bomba, ingawa zamani bomba lilikuwa vyote viwili. Wanaokusanya istilahi waufuate mgawanyo huo.

Usawa wa maji ya ardhini, kwa mfano wa usawa wa bahari, ni istilahi nzuri mradi tukumbuke kwamba kisima kikivutwa usawa huo unabonyea. Maji huinama kuelekea kisimani kama koni iliyopinduliwa, na koni hiyo hupita chini ya ua la jirani bila kuomba ruhusa.

Njia ya tatu ni kuzuia. Kukinga lingependeza zaidi sikioni, lakini anayekinga maji ya mvua kwa pipa anayataka, nasi hatuyataki. Maji huzuiwa kwa mabamba ya chuma yaliyopigiliwa yakashikana kingo kwa kingo, kwa nguzo za zege zinazoingiliana, au kwa kugandisha ardhi, mbinu aliyoisajili Mjerumani Poetsch mwaka 1883. Tena kuna ukuta wa zege unaojengwa ndani ya mtaro mwembamba uliojazwa tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi. Tope hilo husukuma kingo zisiporomoke hadi zege limiminwe na kuliondoa. Kuuita "ukuta wa tope" ni kumpotosha msomaji, kwani tope ni mgeni wa siku chache. Ukuta wa mtaroni ungefaa.

Ukuta wa aina hiyo ulikuwa Köln, Ujerumani, kwenye shimo la reli ya chini ya ardhi. Sehemu moja yake ilikuwa na kasoro, zege halikukamilika chini huko. Tarehe 3 Machi 2009 maji na mchanga viliingia kwa kishindo, ardhi ikaondoka chini ya majengo jirani, na Hifadhi ya Nyaraka ya jiji ikaanguka pamoja na maandishi ya zaidi ya miaka 1,000. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba za jirani walifariki. Kilichoua hapo ni mchanga uliosafiri na maji. Ndiyo maana msimamizi makini huyatazama maji yanayotoka pampuni: yakiwa na mchanga, chujio la kisima limeshindwa na ardhi ya mtu inaibwa. Maji ya mchanga ni istilahi ya onyo, na inastahili kubandikwa kwenye kila pampu.

Hata bila mchanga, maji yakishuka udongo laini hujibana na jengo hutitia. Kutitia tunalo, magazeti hulitumia, na ni sahihi kuliko kuzama. Sehemu za Jiji la Mexico zimetitia zaidi ya mita 9 kwa kuvutwa maji ya ardhini mfululizo. Kwetu pwani kuna hasara nyingine: ukivuta mno, bahari hufuata, na visima vya mtaa mzima huingia chumvi. Tiba moja ya yote mawili ni kuyarudisha maji ardhini kwa visima vingine, upande wa jirani, ili usawa wake usibonyee. Hivyo niviite visima vya kunywesha, na katika mkataba viandikwe kando ya visima vya kushusha, kila kimoja na kipimo chake cha maji kwa saa.