Nyundo na Mvuo: Ufundi wa Chuma na Urithishaji Wake Kandokando ya Ziwa Kivu

Mwaka 1972 mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichapisha matokeo ya uchimbaji wa kaburi la Cyirima Rujugira, mmoja wa wafalme wa Rwanda ya kale. Chini ya kichwa cha mfalme zilikutwa nyundo mbili za chuma, zimelazwa mfano wa mto. Jambo hilo halikuwashangaza wanaoyajua masimulizi ya nchi hiyo. Gihanga, anayetajwa kuwa mwasisi wa ufalme, husifiwa pia kuwa ndiye aliyewafundisha watu uhunzi, na jina lake linatokana na kitenzi chenye maana ya kuumba au kubuni.

Mji wa Goma umepakana na nchi hiyo nyumba kwa nyumba, na mwendo mfupi kutoka mpakani, upande wa Gisenyi, kuna mahali paitwapo Nyundo. Neno hili lastahili kutazamwa. Kiswahili husema nyundo, Kinyarwanda inyundo, Kiganda ennyondo, Kinyankole enyondo. Lakini mtu mwenye kuishika nyundo hiyo hana jina moja: kwa Waswahili ni mhunzi au mfua chuma, kwa Wanyarwanda umucuzi, kwa Waganda omuweesi. Chombo kimehifadhi jina lake kuliko fundi. Mvuo wa Kiswahili nao ni ndugu wa umuvuba wa Kinyarwanda. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimeidondosha konsonanti ya katikati, kama kilivyofanya katika kitenzi fua, ambacho wanaisimu hukihusisha na mzizi wa Kibantu *-túd-. Msamiati wa uhunzi, basi, haukuletwa bara na misafara ya karne ya 19. Ulikuwapo, na Kiswahili kilipofika Kivu kilikutana na jamaa zake.

Akiolojia nayo yaunga mkono ukale huo. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha mwaka 1957 na 1960 uchunguzi wao juu ya tamaduni za zama za metali katika Rwanda, Burundi na Kivu, na vyungu vya aina ya Urewe walivyovieleza ni vya ukoo mmoja na vile vya magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko magharibi ya Viktoria, katika nchi ya Wahaya, ndiko ufundi wa kuyeyusha mtapo ulikoelezwa kwa kirefu zaidi, na yaliyotokea huko yanaangaza hali ya Kivu.

Peter Schmidt alichimba Katuruka, mahali ambapo wazee walipahusisha na mfalme Rugomora Mahe na hadithi ya mnara wa chuma. Chini yake alikuta mabaki ya uhunzi ya miaka ipatayo 500 kabla ya Kristo. Baadaye, mwaka 1976, wazee wa Kihaya walikubali kuwasha tena tanuri. Walikuwa wameuona ufundi huo, na baadhi yao waliushiriki, wakiwa vijana. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50, kwa kuwa majembe ya Ulaya yalikuwa yameuzima moto wa matanuri. Walijenga kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Wakachoma matete ya bwawani ndani ya shimo, wakaingiza mabomba ya udongo, wakapanga mivuo. Majaribio ya kwanza hayakufaulu! Maneno waliyakumbuka, na mpangilio wa kazi waliukumbuka. Kilichopotea ni kipimo cha mkono: makaa kiasi gani, pumzi kiasi gani, na rangi ipi ya moto. Ilibidi wajifunze upya kwa kukosea, mpaka chuma kikapatikana. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyatangaza matokeo yao mwaka 1978, wakidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye makaa. Dai hilo lilipingwa na wataalamu wengine wa metali, na mabishano yakachukua nafasi kubwa kuliko yalivyostahili. La thamani zaidi katika kisa hiki ni kule kushindwa kwa mwanzo.

Kwa maana kuyeyusha na kufua ni fani mbili. Ya kwanza ilihitaji mtapo, msitu wa makaa, miiko na watu wengi. Ilipokatika kwa kizazi kimoja tu, ilikatika kweli. Ya pili haikubagua. Mhunzi wa eneo la Maziwa Makuu alikifua chuma kilichoyeyushwa na jirani yake, kisha chuma cha reli, kisha bamba za springi za magari makuukuu, kwa nyundo ile ile na kwa mwanafunzi yule yule aliyeanzia kwenye mvuo. Aliyevukuta kwa miezi mingi alijifunza rangi ya chuma kabla hajakabidhiwa koleo. Jembe lililotoka mikononi mwake lilitumika pia katika mahari ya Wanyarwanda.

Karakana za Goma zinazotengeneza milango na madirisha ya chuma zina umeme mahali pa mvuo, na msamiati wao umevaa nguo nyingine. Mwenye kuunga vyuma huitwa kwa neno la Kifaransa soudeur, mwenye kukereza vipuri huitwa tourneur, kwa sababu mashine ziliingia pamoja na Wabelgiji. Hata nyundo imepata mshindani, marto. Lakini kijana huanza kwa kushikilia kipande cha chuma ili mkubwa wake akiunge, na hakabidhiwi kazi ya mteja mpaka jicho lake limezoea. Kamusi zetu zimeandika mvuo na fuawe. Maneno ya kijana huyu bado hazijayaandika.

Ng'ambo ya mpaka neno moja limesafiri kwa njia nyingine. Uruganda kwa Kinyarwanda lilikuwa banda la mhunzi, palipo na moto na inyundo. Leo ni kiwanda chochote kile. Mkazi wa Goma anayevuka kwenda Gisenyi husikia kiwanda cha bia cha mji huo kikiitwa uruganda, wala hakuna ndani yake anayefua jembe.