Maziwa ya moto ya Mpemba

Rungwe ni wilaya ya maziwa. Lakini hata hapa Bagamoyo, kata ya mjini Tukuyu na si ule mji wa Pwani, ukidai kwamba maziwa ya moto huweza kuganda kabla ya yaliyopoa, watu watakushangaa.

Watu walimshangaa Erasto Mpemba hivyohivyo, tena wakamcheka. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa za kugombania. Mwenzake akamimina maziwa bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuhofia kukosa trei ya mwisho, akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado majimaji mazito. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, kwa nini maji ya moto huweza kuganda kwanza. Darasa likaangua kicheko. Osborne alikuwa na shaka, ila hakumpuuza. Alirudi Dar, jaribio likafanywa. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Swali la jikoni likaingia kwenye nadharia na kompyuta. Mwaka 2017 watafiti Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba kitu cha moto kinaweza kupata njia ya mkato kuelekea ubaridi. Miaka miwili baadaye kompyuta maalumu iitwayo Janus II ilitumika kuiga aloi ambazo sumaku ndogondogo za atomi zake zimekaa shaghalabaghala. Humo hali hiyo ya moto kutangulia, iitwayo tukio la Mpemba, ikaonekana wazi. Kumbe halijoto peke yake haitoshi: sampuli iliyoanza na moto zaidi ilitangulia kupoa kwa sababu sumaku zake zilikwisha kupangana kwa umbali mrefu zaidi. Kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa ya kijana yule: jina lake limevuka maziwa.

Kuhusu maji yenyewe, ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu, wasipate ushahidi wa kuwaridhisha. Mwanafunzi wa Tukuyu mwenye friza na vipimajoto viwili, apime, aandike, arudie.